Namna ya Kwenda Peke Yako Kusikiliza Bendi Katika Ukumbi Mdogo

Mtu anayekwenda peke yake kusikiliza bendi katika ukumbi mdogo hasumbuliwi na muziki, bali na nusu saa inayoutangulia. Nyimbo zikishaanza, kila aliyemo amegeukia upande mmoja na hakuna anayehesabu nani kaja na nani. Kazi iko katika ule muda ambao taa zingali zinawaka, jukwaani hapana kitu isipokuwa vipaza sauti na nyaya zilizolala sakafuni, wengine wamejikusanya wawili wawili na wanne wanne wakicheka, nawe umesimama na kinywaji ambacho umekimaliza upesi kuliko ulivyokusudia kwa sababu mikono ilikosa shughuli nyingine. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kuupitisha muda huo, pamoja na jambo la pili ambalo wengi hawalifikirii kabla ya kwenda, nalo ni mahali pa kusimama.

Ninaposema ukumbi mdogo nina maana ya chumba kinachochukua watu 50 hadi 300 hivi, ambamo jukwaa halivuki kimo cha goti, au halipo kabisa, na mpiga gitaa akikatikiwa na uzi unamwona anavyoufunga mwingine huku wenzake wakikizungusha kiitikio ili wimbo usizimike. Tamasha la uwanjani ni jambo jingine, kwa kuwa umati humficha aliye peke yake sawasawa na unavyomficha aliye na kundi. Katika chumba kidogo unaonekana, na hapo ndipo watu wengi hurudi nyuma, wakangoja apatikane rafiki mwenye nafasi jioni hiyohiyo na mwenye kuipenda bendi hiyohiyo, hata bendi ikaja na ikaondoka.

Unaonekana kwa kiasi gani? Mwaka 2000 mwanasaikolojia Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani na wenzake walichapisha utafiti ambao ndani yake mwanafunzi alivishwa fulana yenye picha ya mwimbaji ambaye vijana wa rika lake wangeona haya kuonekana wakimshabikia, kisha akaingizwa katika chumba walimokuwa wameketi wenzake. Waliovishwa fulana walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wangetambua picha ile, lakini walioitambua walikuwa takriban robo tu. Mwaka 2015 Rebecca Ratner na Rebecca Hamilton walionyesha jambo linalokaribiana na hilo: watu walitarajia kwamba kutembelea maonyesho ya sanaa bila mwenzi kungewapunguzia furaha, ilhali walioingia peke yao walifurahia karibu sawa na walioingia na wenzao. Hata hivyo robo si sifuri. Yupo atakayekutazama, akajiuliza kwa nusu dakika kama unamngoja mtu, kisha akarudi kwenye maongezi yake, na nimeona ni afadhali kulikubali hilo tangu nyumbani kuliko kujidanganya kwamba hakuna atakayeona.

Kuchagua onyesho la kwanza

Si kila onyesho linamfaa mgeni wa jambo hili. Kwa mara ya kwanza, chagua jioni ya katikati ya juma badala ya mwisho wa juma, kwa sababu wanaokuja siku hizo huja kusikiliza, wakati wanaokuja mwisho wa juma wengi wao huja kukutana, na bendi kwao ni kisingizio. Onyesho lenye viti ni jepesi zaidi kuliko la kusimama, kwani kiti humpa mtu mahali pake bila kuhitaji maelezo. Epuka uzinduzi wa albamu ya bendi changa: ukumbi hujaa ndugu, majirani na wanafunzi wenza wa wanabendi, wote wanafahamiana, na hata mwenye moyo mkavu atajihisi ameingia kwenye harusi asiyoalikwa. Epuka pia, kwa mara hiyo ya kwanza tu, usiku wa muziki unaochezwa kwa kushikana wawili wawili.

Sikiliza nyimbo mbili tatu za bendi kabla ya kwenda. Huna haja ya kuzijua zote wala kukariri majina ya wanabendi. Inatosha upate wimbo mmoja utakaoutambua kuanzia mapigo ya kwanza, kwa sababu wakati huo, ambapo ukumbi mzima unashangilia nawe unajua wanashangilia nini, hukufanya mwenyeji ghafla. Kama bendi hupiga zaidi nyimbo za wengine, yaani kopi, mazoezi hayo si ya lazima.

Jambo moja linalostahili simu au ujumbe kwa wenye ukumbi ni muda. Saa iliyoandikwa kwenye tangazo mara nyingi ni ya kufunguliwa milango, na kati ya saa hiyo na bendi yenyewe kuna pengo ambalo kundi la marafiki halilioni, lakini aliye peke yake analimeza lote. Uliza hivi: "Samahani, bendi kuu inapanda jukwaani saa ngapi, na kwa kawaida mnamaliza saa ngapi? Na je, kuna viti au watu husimama?" Wenye ukumbi huulizwa maswali haya kila siku na hawatashangaa. Ukishapata jibu, panga kufika dakika 20 kabla ya yeyote kupanda, hata kama atakayeanza ni msindikizaji, yaani anayepiga kabla ya bendi kuu, usiyemjua. Ukifika saa ya milango utazunguka chumba kitupu kama mkaguzi wa majengo. Ukifika nyimbo zimeshaanza utapita gizani ukikanyaga watu, na sehemu nzuri zitakuwa zimechukuliwa. Dakika 20 zinatosha kuuona ukumbi ungali na mwanga, kujua choo kiko wapi, mlango wa dharura uko wapi na kaunta iko wapi, na kuchagua pa kusimama bila kusukumana.

Kuhusu mavazi sina mengi: vaa viatu unavyoweza kusimamia saa tatu, na nguo unayoweza kuipunguza, maana chumba kidogo kilichojaa hupata joto upesi. Usibebe begi kubwa, kwa sababu hutakuwa na wa kumwachia. Weka pesa ya kurudi nyumbani katika mfuko tofauti na ile ya matumizi.

Mlangoni

Kama tiketi iko kwenye simu, ihifadhi kama picha kabla hujaondoka nyumbani, kwani kumbi nyingi ndogo ziko chini ya majengo au nyuma ya kuta nene ambako mtandao hufifia hasa pale foleni inapokuwa ndefu nyuma yako. Anayekaa mlangoni atakuuliza, "Uko peke yako?" Swali hilo huwachoma watu wengi mara ya kwanza, nami lilinichoma, lakini yeye anahesabu vichwa na kuandaa chenji. Mjibu, "Ndiyo, mmoja," kisha pita.

Nusu saa yenyewe

Niliwahi kuharibu jioni nzima kwa kutojua la kufanya na muda huu. Nilisimama karibu na mlango nikitazama kila aliyeingia, kama mtu anayemsubiri mwenzake, na dada mmoja mkarimu akaniuliza kama ninamngoja nani. Badala ya kusema kweli nikamwambia rafiki yangu amechelewa. Tangu hapo ikanibidi niulinde uongo ule: kila mara alipopita aliuliza kama rafiki amefika, nikatoa simu nikajifanya ninapiga, nikatoka nje nikarudi, na bendi ilipofikia wimbo wa nne nilikuwa ninamchukia rafiki ambaye hakuwahi kuzaliwa. Usimbuni mwenzako. Ukiulizwa, sema, "Nimekuja kuwasikiliza hawa," na jibu hilo mara nyingi hufungua maongezi mazuri kuliko udhuru wowote, kwa kuwa humpa mwenzako nafasi ya kukuambia kama amewahi kuwasikia au naye ndiyo mara yake ya kwanza.

Simu ndiyo kimbilio la kwanza la kila mtu, na siikatazi, ila nashauri itumike kwa kazi iliyo na mwisho. Jibu ujumbe uliokuwa unausubiri, angalia chombo cha mwisho cha usafiri, kisha irudishe mfukoni. Kuipekua bila lengo kuna hasara tatu: inamaliza chaji utakayoihitaji usiku, inakumulika uso katika chumba chenye mwanga hafifu, na inakunyima kuviona vitu ambavyo ukumbi mdogo peke yake unaweza kukuonyesha.

Vitu hivyo viko jukwaani, na anayejua kuvisoma hachoki kungoja. Hesabu vipaza sauti: vikiwa vinne mbele, tegemea sauti za kuitikiana, kikiwa kimoja tu, mwimbaji ni mmoja na wengine watanyamaza. Tazama magitaa yaliyosimama kwenye stendi zake. Mpiga gitaa mwenye magitaa mawili au matatu huenda amefunga nyuzi za moja kwa mpangilio tofauti, na ukimwona analibadilisha katikati ya onyesho utajua kwamba wimbo unaofuata una rangi nyingine. Karibu na kila kipaza sauti, chini sakafuni, mara nyingi kumebandikwa karatasi yenye orodha ya nyimbo za usiku huo. Ukisimama upande wa jukwaa kabla bendi haijapanda utaweza kuisoma, au angalau kuhesabu mistari yake: nyimbo 12 za dakika nne nne ni dakika 48, na ukijumlisha maneno ya hapa na pale unapata saa moja kasoro kidogo. Sasa unajua jioni yako ina urefu gani, jambo ambalo waliokaa kwenye meza zao hawalijui.

Kisha mtazame fundi mitambo. Huyu ndiye mtu mwingine aliye peke yake ukumbini, na kazi yake kabla ya onyesho inafaa kufuatiliwa kwa makini: atampandisha mtu kupiga dramu moja moja, kwanza ile kubwa ya mguu, kisha nyingine, kisha matoazi, huku akisogeza vitufe kidogo kidogo, atasema "moja, mbili" kwenye kipaza sauti, atatoka nyuma ya mitambo yake, atatembea hadi mbele, atainamisha kichwa, atarudi. Kila kitu utakachokisikia usiku huo kimepita kwanza masikioni mwake. Usimsemeshe wakati huo, lakini kumbuka aliposimama, kwa maana tutaparudia.

Kati ya msindikizaji na bendi kuu kuna pengo jingine la dakika 15 hadi 30, na hili huwa gumu zaidi kwa sababu umekwisha kuonja muziki kisha ukarudishwa kwenye kelele za maongezi. Hapa ndipo pa kufanya mambo ya mwili. Nenda chooni wakati wimbo wa mwisho wa msindikizaji unaanza, si baada ya kwisha, maana baada ya kwisha ukumbi wote utakuwa na wazo hilohilo. Ni kweli utakosa wimbo mmoja na pengine utaonekana huna adabu. Kama msindikizaji amekugusa, basi subiri hadi mwisho, kaa palepale dakika kumi foleni ipungue, ndipo uende. Huna mtu wa kukushikia nafasi, hivyo kila utokapo fanya hesabu ya unachokwenda kukipoteza.

Pengo hili pia ni wakati mzuri wa kupita kwenye meza ya bidhaa, ambayo katika onyesho dogo mara nyingi husimamiwa na mwanabendi mwenyewe, aghalabu wa bendi iliyomaliza, akiwa bado na jasho. Ukitaka kuzungumza naye, usimuulize walianza lini wala jina la bendi lilitoka wapi, maswali aliyokwisha kuyajibu mara mia. Muulize juu ya kitu ulichokisikia dakika chache zilizopita: kwa nini wimbo wa tatu ulianza na besi peke yake, au ule mlio mrefu katikati ulitoka kwenye chombo gani. Wanamuziki wa kumbi ndogo huzoea kusifiwa kwa jumla, na ni nadra wasikie kwamba kuna aliyeshika jambo fulani. Sema lako, nunua kama unataka, mpishe anayefuata.

Na majirani? Sentensi mbili zinatosha, na kuzimaliza ni ustadi kuliko kuzianza. "Umewahi kuwasikia hawa?" ni swali lisilomdai mtu chochote. Akijibu kwa neno moja, geukia jukwaa. Akijibu kwa hadithi, umepata mtu wa kuzungumza naye mpaka taa zizimwe. Taa zikishazimwa, nyamaza. Katika chumba cha watu 80, watu wawili wanaoongea wakati wa wimbo wa taratibu husikika mpaka jukwaani, na kwa hili aliye peke yake ni mgeni bora kuliko kundi lolote.

Pa kusimama

Wengi hudhani mbele kabisa, katikati, ndipo pazuri. Kwa macho ni kweli. Kwa masikio katika ukumbi mdogo mara nyingi ni pabaya, na sababu yake inaeleweka ukitazama spika zilivyopangwa. Spika kubwa zinazobeba sauti ya mwimbaji zimewekwa kando mbili za jukwaa, zikielekea ukumbini. Spika ndogo zilizo sakafuni mbele ya mwimbaji zinaelekea kwake, ili ajisikie. Dramu na amplifaya za magitaa, kwa upande wake, hulia moja kwa moja kutoka jukwaani bila kusubiri mitambo. Anayesimama hatua mbili mbele ya jukwaa, katikati, amewekwa kati ya spika kubwa, pembeni mwa mwelekeo wake, huku dramu zikimpiga usoni. Atasikia matoazi na gitaa vizuri sana, na midomo ya mwimbaji ataiona ikicheza bila kuyapata maneno.

Pale fundi mitambo aliposimama ndipo anapopimia uwiano wa vyombo, kwa hiyo kusimama hatua moja au mbili mbele yake, au ubavuni mwake bila kumziba, ni chaguo lisilo na hasara. Kama nafasi ilimlazimu kuweka mitambo yake kwenye kona, usimfuate huko, kwa kuwa sauti nzito za besi hurundikana kwenye kuta na zaidi kwenye kona, na fundi mwenyewe huwa anakisia ukumbi unavyosikika kwa kutoka kila mara. Katika hali hiyo tafuta nafasi ya katikati ya chumba, theluthi mbili za njia kutoka jukwaani, ambapo spika zote mbili unaziona bila kichwa cha mtu kuziba mojawapo. Mtu mfupi, ambaye nyuma hataona kitu, aende upande mmoja wa jukwaa, nje ya mstari wa spika, ambako wanamuziki huonekana kwa ubavu, na vidole vyao huonekana vizuri kuliko mahali pengine popote.

Usikihukumu kituo chako kwa wimbo wa kwanza. Fundi alipima mitambo chumba kikiwa kitupu, na chumba kitupu kina ukali: sauti nyembamba zinagonga kuta na kurudi. Miili na nguo za watu humeza sauti hizo, basi ukumbi ukijaa mlio hubadilika, naye hutumia nyimbo mbili za mwanzo kuurekebisha. Ufikapo wa tatu, kama bado husikii maneno, hama. Hapa kuna faida ya kuwa peke yako ambayo sijaona ikitajwa vya kutosha: huna kikao cha kukifanya na mtu. Nina desturi ya kusikiliza nyimbo tatu karibu na fundi, kisha kusogea mbele kwa nyimbo mbili ili niwaone, kisha kurudi nyuma. Mtu aliye na marafiki wanne hawezi kuhama bila kuwahamisha wote au kuwaeleza anakokwenda.

Ukiwa mbele katika zile nyimbo mbili, jaribu kumwacha mwimbaji na kumtazama mpiga besi. Mara nyingi yeye hatazami watu. Anatazama mguu wa kulia wa mpiga dramu, ule unaopiga dramu kubwa, na vidole vyake hushuka pamoja na mguu ule kana kwamba vimefungwa kwa kamba moja. Wimbo unapokaribia kwisha utaona mtu mmoja akiinua shingo ya gitaa kidogo au akiinua nyusi, na wote wakakata kwa pamoja. Ishara hizo uwanjani hazionekani, na kwenye rekodi hazipo.

Epuka njia ya kwenda chooni, foleni ya kaunta na mlango wa kutokea, ambako utapishana na watu usiku kucha. Ukuta wa pembeni wenye kibao cha kuwekea kinywaji unavutia aliye peke yake, nami naukubali kwa ile nusu saa ya kungoja, ila ondoka hapo muziki ukianza, kwa sababu ya ile besi niliyoitaja.

Masikio

Chumba kidogo huweza kuwa na kelele kuliko kikubwa, kwa maana dramu haziwezi kupunguzwa kwa kitufe na hakuna aliye mbali nazo. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda unaofaa hukatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na 100 ni dakika 15. Viwango vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 kwa ajili ya kumbi za burudani vinataka wastani usizidi desibeli 100, wageni wapatiwe vizibo vya masikio, na pawepo mahali tulivu pa kuyapumzisha. Kipimo cha kienyeji ni hiki: ukilazimika kumpigia kelele mtu aliye umbali wa mkono mmoja ili akusikie, kelele imeshavuka kiasi. Penye uwazi, kuongeza umbali mara mbili kutoka kwenye spika hupunguza desibeli 6. Ndani ya chumba kuta hurudisha sehemu ya sauti, kwa hiyo punguzo ni dogo kuliko hilo, lakini lipo.

Chukua vizibo, na uvivae kabla ya msindikizaji kuanza, si baada ya masikio kuanza kuuma. Vile vya sponji vinazuia vizuri lakini hufifisha zaidi sauti nyembamba, hivyo muziki husikika kama uko chumba cha pili. Vile vyenye kichujio, ambavyo hutengenezwa kwa ajili ya wanamuziki, hushusha sauti zote kwa usawa zaidi. Wengi wanaolalamikia vya sponji wanavivaa vibaya. Kiviringe kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama kalamu. Kwa sikio la kulia, pitisha mkono wa kushoto juu ya kichwa, ushike ncha ya sikio na kulivuta juu na nyuma kidogo ili njia inyooke. Kisha sukuma kizibo kwa mkono wa kulia na ukishikilie kwa kidole sekunde 20 hadi 30 mpaka kifutuke. Ukisikia sauti yako mwenyewe imekuwa nzito ndani ya kichwa, kimekaa. Jambo moja la kujihadhari nalo ni kwamba aliyevaa vizibo huongea kwa sauti ya chini akidhani anapaza, hivyo kaunta watakuuliza mara mbili.

Usalama na kuondoka

Mwambie mtu mmoja unakokwenda na saa unayotarajia kurudi. Kinywaji chako kisitoke mkononi wala machoni. Ukikiacha kwa ajili ya choo, ukirudi agiza kingine. Mtu akikuganda baada ya kuonyesha kwamba hutaki maongezi, usimtafutie sababu za kumpoza. Hama, na akikufuata nenda kwa mlinzi au kwa anayehudumu kaunta, umwambie waziwazi: "Yule pale ananisumbua, naomba msaada." Haya humhusu zaidi mwanamke aliye peke yake, ingawa si yeye tu.

Kabla hujaingia, jiwekee kiwango cha chini cha muda utakaokaa. Changu ni nyimbo nne za bendi kuu. Kabla ya hapo siondoki hata nikijisikia vibaya, kwa kuwa kujisikia vibaya mara nyingi kunatokana na ile nusu saa na bado hakujapata muda wa kuyeyuka. Baada ya hapo niko huru, na nikitaka kutoka ninasubiri makofi, ninapita pembeni, ninaondoka bila kuaga mtu. Nimewahi kutoka baada ya wimbo wa tano na sikujuta, na nimewahi kubaki mpaka nyaya zikaanza kukunjwa.

Usafiri wa kurudi upangwe ungali nyumbani. Hesabu pamoja na nyimbo za nyongeza, maana bendi ikishangiliwa hurudi kwa wimbo mmoja au miwili, na dakika kumi hizo zinaweza kuwa ndizo za basi la mwisho. Ukiita gari, lisubirie ndani, hakikisha namba zake kabla ya kupanda, na umtumie namba hizo yule uliyemwachia taarifa. Ukitembea kwa miguu, kumbuka kwamba baada ya kelele ya saa mbili masikio yasiyozibwa huwa yamezubaa kwa muda, na gari linalokuja nyuma yako utalisikia likiwa karibu kuliko kawaida, kwa hiyo geuza kichwa kabisa kabla ya kuvuka. Mlio mwembamba masikioni kwa kawaida hupotea. Usipopotea baada ya siku moja au mbili, muone daktari.

Kabla ya kulala andika majina ya nyimbo unazotaka kuzitafuta, au hata mstari mmoja wa maneno yake, kwa sababu asubuhi utakuwa na sauti kichwani bila jina, na hutakuwa na wa kumuuliza, "Ule wa mwisho kabisa waliuita nini vile?"